Kupatana Kabla ya Kufika Mahakamani

Mahubiri ya Dominika ya Sita ya Mwaka A



Injili ya Dominika hii, inayotoka kwa Mtakatifu Mathayo, sura ya tano, yatuwekea mbele ya macho picha mbili. Katika picha ya kwanza twamwona mtu aliyekwisha kufika altareni na sadaka yake mkononi. Akiwa pale anakumbuka kwamba ndugu yake ana neno juu yake. Bwana wetu anamwagiza aiache sadaka pale pale, aende kwanza akapatane na ndugu huyo, ndipo arudi kuitoa. Katika picha ya pili twawaona watu wawili walio katika njia moja, mmoja ameshitaki na mwingine ameshitakiwa, nao wanaelekea mahakamani. Mshitakiwa anaonywa afanye haraka kupatana na mwenzake wakiwa bado safarini, kwa sababu wakishafika, hakimu atamtoa kwa askari, askari atamfunga, wala hatafunguliwa mpaka amelipa deni lote, hata senti iliyobaki nyuma.

Tukisikiliza kwa makini tutagundua jambo moja. Bwana haulizi ni nani kati ya hao wawili mwenye haki. Anachosema ni kwamba njia ina mwisho wake. Muda wa kupatana upo, lakini si wa milele. Na kila hatua tunayopiga tukiwa tumenuniana inaufupisha.

Maneno haya ni mepesi kuyahubiri na mazito kuyaishi. Kwa hiyo leo tumeona vema kuyatazama katika maisha ya mtu mmoja. Mtu huyo alikuwa mwanasheria, akaingia katika siasa, akapanda mpaka kiti cha juu cha nchi yake, akaangushwa, akakaa uhamishoni miaka karibu kumi na mitano, kisha akarudi nyumbani kupatana na yule aliyemwangusha. Jina lake ni James Mancham, Rais wa kwanza wa Shelisheli.

Sisi tunaokaa Naliendele na katika pwani hii ya Mtwara mpaka mdomo wa mto Ruvuma, tukisimama ufukweni na kutazama upande lichomozako jua, tunatazama upande wa nchi hiyo. Mbele ya maji yetu vipo visiwa vya Komoro, na mbele zaidi, kaskazini kidogo, kipo kisiwa cha Aldabra, ambacho tayari ni mali ya Shelisheli. Nchi yenyewe ina visiwa zaidi ya mia moja, lakini vingi havina watu, na wakazi walio wengi wanaishi katika kisiwa kimoja cha Mahé, ulipo mji mkuu wa Victoria. Idadi ya watu wake wote haizidi sana ile ya manispaa moja ya kwetu. Wengi wao ni Wakristo Wakatoliki. Katika nchi ndogo namna hiyo, mtu hana mahali pa kumkwepa adui yake. Atamkuta sokoni, atamkuta msibani, na Dominika atamkuta katika safu ile ile ya kwenda kukomunika.

James Mancham alizaliwa huko mwaka 1939, mwana wa mfanyabiashara aliyefanikiwa. Alipelekwa London kusomea sheria, akakubaliwa kuwa wakili mwaka 1961, akarudi kufanya kazi hiyo nyumbani. Wakati huo huo alikuwapo mwanasheria mwingine, France-Albert René, aliyemzidi umri kwa miaka michache. Huyu naye ana historia inayotugusa sisi watu wa Kanisa, kwani kwanza alikwenda Uswisi kwa masomo ya kuelekea upadre, kisha akaiacha njia hiyo na kwenda Uingereza kusomea sheria. Mawakili hao wawili walijuana vizuri. Mwaka 1964 kila mmoja alianzisha chama chake cha siasa. Mancham alitaka visiwa vibaki karibu na Uingereza, na aliamini kwamba utalii ungewaletea watu riziki. René alidai uhuru, akasimama upande wa wafanyakazi na maskini, na akatafuta marafiki katika Bara la Afrika.

Hakuna ubaya wowote hapo. Wanasheria wawili wanaweza kubishana mchana kutwa mbele ya hakimu, kisha jioni wakaketi meza moja. Kazi ya wakili humfundisha kwamba mpinzani wake si adui yake. Ni mtu aliyepewa kuutetea upande wa pili. Na hakimu mwema hatoi hukumu kabla ya kuusikiliza upande huo. Laiti mafundisho hayo yangevuka kutoka mahakamani na kuingia katika siasa pamoja na wale waliofundishwa.

Sasa tuifuate njia yao, tuone ni mara ngapi walipata nafasi ya kupatana.

Nafasi ya kwanza ilimjia Mancham akiwa mshindi. Mwaka 1974 ulifanyika uchaguzi. Chama chake kilipata takribani asilimia 52 ya kura, na chama cha René takribani asilimia 48. Wapendwa, tofauti hiyo ni ndogo sana. Ni kama familia yenye watoto kumi, watano wanasema hivi na watano wanasema vile, na jirani mmoja ndiye anayeamua. Lakini kwa jinsi majimbo yalivyogawanywa, chama cha Mancham kilipata viti 13 kati ya 15, na chama cha René kikapata viti viwili tu. Kisheria hapakuwa na kosa. Kura zilihesabiwa kwa utaratibu uliokuwapo. Hata hivyo, karibu nusu ya wananchi walirudi makwao wakijiona hawana sauti katika nchi yao wenyewe.

Hapa tunajifunza neno la kwanza: si kila lililo halali limekwisha kuwa haki. Mwenye ushindi ndiye anayepaswa kuwa wa kwanza kugeuka na kumtazama aliyeshindwa, kwa kuwa yeye ndiye mwenye nguvu ya kutoa. Mtu akishinda kesi ya shamba, na hukumu ikampa mpaka mlango wa jirani yake, ana hati mkononi, lakini je, ana amani?

Juhudi fulani ilifanyika. Mwaka 1975 vyama hivyo viwili viliunda serikali ya pamoja, na nchi ilipopata uhuru tarehe 29 Juni 1976, Mancham alikuwa Rais na René akawa Waziri Mkuu. Waliokuwa wapinzani sasa walikaa katika baraza moja. Watu walishangilia. Lakini kukaa baraza moja na kupatana ni mambo mawili mbalimbali. Watu wanaweza kula sahani moja na kila mmoja akawa anauhesabu mkono wa mwenzake.

Tarehe 5 Juni 1977, kabla uhuru haujatimiza mwaka mmoja, Mancham alikuwa London kwa mkutano wa wakuu wa nchi za Jumuiya ya Madola. Usiku huo kundi la watu wenye silaha wapatao sitini, wafuasi wa chama cha René, waliteka vituo muhimu vya kisiwa cha Mahé. Watu walipoteza maisha usiku ule. Asubuhi René akawa Rais, na Mancham akapata habari akiwa ugenini kwamba hana tena nchi ya kurudi.

Jambo hili lina sehemu inayotuhusu sisi Watanzania. Vijana wale walikuwa wamepata mafunzo na silaha kutoka katika nchi yetu. Baada ya mapinduzi, askari wa Tanzania walikwenda Shelisheli kuifundisha na kuilinda serikali mpya, na mwezi Agosti 1982, kikundi cha askari wa huko kilipoasi, wanajeshi wetu walisaidia kuuzima uasi ule. Hatuyasemi haya ili tuwahukumu viongozi wa wakati ule, waliokuwa na hoja zao katika miaka ya mapambano ya ukombozi wa Afrika. Tunayasema ili tusidhani kwamba habari hii ni ya watu wa mbali. Bahari hii inayotupatia dagaa na changu ndiyo iliyowabeba.

Nafasi ya pili ya kupatana ilikuwa mkononi mwa René, kwani sasa yeye ndiye aliyekuwa mshindi. Tuwe wakweli: serikali yake ilifanya mema. Ilipanua shule na huduma za afya, ilijenga nyumba za wananchi wa kawaida, na watoto wa maskini walisoma. Watu wengi wa visiwani wanamkumbuka kwa shukrani mpaka leo. Lakini upande wa pili haukusikilizwa. Katiba ya mwaka 1979 iliruhusu chama kimoja tu. Waliopinga walifungwa bila kufikishwa mahakamani, wengine walinyang'anywa mali, na wengi wakakimbilia nchi za nje. Serikali ya mwanasheria ikawa inawafunga watu pasipo hukumu.

Na uovu, wapendwa, huzaa uovu. Tarehe 25 Novemba 1981 kundi la askari wa kukodiwa, likiongozwa na Mike Hoare, lilitua katika uwanja wa ndege wa Mahé likijifanya la watalii, huku silaha zimefichwa katika mizigo. Nia ilikuwa kuipindua serikali na kumrudisha Mancham. Silaha ziligunduliwa na ofisa wa forodha, risasi zikalia uwanjani, na wengi wa kundi hilo wakaiteka ndege ya abiria ya India na kukimbilia Durban. Miaka minne baadaye, tarehe 29 Novemba 1985, kiongozi mmoja wa wapinzani, Gérard Hoarau, alipigwa risasi na kuuawa nje ya nyumba yake mjini London. Aliyempiga hakupatikana.

Wahenga wetu walikwisha kusema: wapiganapo tembo wawili, ziumiazo nyasi. Fikiri juu ya mama wa Mahé katika miaka ile, ambaye mwanawe mmoja ni askari wa serikali na mwingine amekimbilia Uingereza. Fikiri juu ya mke aliyengoja mumewe arudi kutoka kazini, asirudi, na asiwepo wa kumwambia amezikwa wapi. Huyo mama na huyo mke hawakuanzisha chama chochote.

Nafasi ya tatu ilikuja mwaka 1992. Mwezi Desemba 1991 René alitangaza kwamba vyama vingi vitaruhusiwa tena. Tutakumbuka kwamba nyakati hizo hizo nasi tulikuwa tunalijadili jambo hilo, na mwezi Julai 1992 sheria ya vyama vingi ilianza kutumika hapa Tanzania. Mwezi Aprili mwaka huo Mancham alirudi nyumbani. Alikuwa ameondoka kijana wa miaka thelathini na saba. Sasa alikuwa amepita hamsini.

Angeweza kurudi na orodha. Angeweza kusimama mbele ya watu wake na kuwasomea yote aliyotendewa: urais ulioporwa, mali, miaka ya ugenini. Kama mwanasheria alizijua hoja zote, na kesi yake ilikuwa na nguvu. Badala yake alichagua kuhubiri upatanisho wa taifa. Alikutana na René, akampa mkono, akaketi naye kuzungumzia katiba mpya ya nchi yao.

Tusifikiri kwamba kupatana huko kulikuwa ni kunyenyekea kila jambo. Tume ya kwanza ya katiba ilipokwenda kinyume na aliloona kuwa haki, chama chake kilijitoa. Rasimu ile ilipopelekwa kwa wananchi mwezi Novemba 1992, haikufikisha asilimia 60 ya kura iliyotakiwa. Ndipo pande zote ziliporudi mezani, safari hii zikisikilizana, na mwezi Juni 1993 katiba mpya ilikubaliwa na karibu robo tatu ya waliopiga kura. Mpatanishi wa kweli hana budi kuwa na uti wa mgongo. Anaweza kusema hapana pasipo kumchukia anayemwambia hapana.

Mwezi uliofuata ulifanyika uchaguzi wa Rais. Mancham aligombea, akapata kura takribani asilimia 37, na René akashinda. Mwaka 1998 aligombea tena, akawa wa tatu. Hakuchukua silaha, wala hakuondoka tena nchini kwa hasira. Aliendelea kuishi Mahé kama raia na mzee wa taifa, akaandika, akasafiri, na kila alikokwenda alinena habari za upatanisho. Kwetu tunasema, asiyekubali kushindwa si mshindani. Alifariki dunia tarehe 8 Januari 2017, nyumbani kwake, akiwa na miaka 77, akazikwa kwa heshima za taifa. René alimfuata mwezi Februari 2019. Wote wawili walifikia mwisho wa njia wakiwa wamekwisha kupeana mikono.

Mancham hakuwa mtakatifu, nasi hatumweki altareni. Wapinzani wake walimlaumu kwa kupenda anasa na safari nyingi alipokuwa madarakani, na lawama hizo hazikuwa za bure. Lakini Mungu hangoji tuwe wakamilifu ndipo atutume kupatana. Petro aliyewachunga kondoo ni yule yule aliyemkana Bwana.

Wapendwa wasikilizaji, hadithi yetu ingeweza kuishia hapo, na tungekwenda nyumbani tumefurahi. Lakini ukweli unatutaka tuendelee kidogo.

Viongozi wawili walipopatana, je, deni lote lilikuwa limelipwa? Hapana. Mancham aliweza kusamehe alichotendewa yeye. Hakuweza kusamehe kwa niaba ya yule mke ambaye mumewe hakurudi. Msamaha ni mali ya aliyeumizwa. Hakuna mkubwa awezaye kuutoa kwa niaba ya mdogo. Kwa miaka mingi baada ya wakubwa kupeana mikono, familia za visiwani ziliendelea kuuliza maswali yale yale. Mwaka 2018, robo karne baada ya katiba mpya, Shelisheli ilitunga sheria ya kuunda tume ya ukweli, upatanisho na umoja wa taifa. Tume hiyo ilianza kusikiliza watu mwaka 2019. Wajane, wana na wafungwa wa zamani walikuja mmoja mmoja wakaeleza hadharani yaliyowapata tangu mwaka 1977. Baadhi walikuwa wameyaficha moyoni miaka arobaini. Ripoti yake ya mwisho ilitolewa mwaka 2023.

Hili ndilo neno la pili tunalojifunza. Kupatana kunadai ukweli. Katika Injili yule mtu wa altareni hakuambiwa asahau. Alikumbuka, na kumbukumbu ndiyo iliyomfanya aiache sadaka na kwenda. Amri ya kusamehe isitumiwe kamwe kuwanyamazisha walioumia. Katekista anayemwambia mjane asamehe, sharti kwanza aketi mkekani na kumsikiliza mpaka amalize.

Wakulima wa Naliendele wanaujua mfano wa jambo hili. Katika kituo cha utafiti wa kilimo kilichopo hapa kwetu, imefundishwa kwa miaka mingi namna ya kuuhuisha mkorosho mkongwe usiozaa tena. Hawaung'oi, kwa maana mizizi yake imekwenda chini sana na ingali na nguvu. Wanaukata shina kwa msumeno, wanangoja machipukizi, kisha wanayabebesha vikonyo vya mkorosho bora, na baada ya miaka michache mti unazaa upya. Anayepita njiani siku ya kukata huona uharibifu. Lakini vikonyo havishiki juu ya matawi makavu. Ukweli ni msumeno ule; unauma, na bila huo upatanisho haushiki. Na mizizi ni undugu wetu, ambao Mungu aliutia chini zaidi ya vyama vyetu.

Shelisheli imeanza kuvuna. Mwaka 2020 mpinzani, Wavel Ramkalawan, kasisi wa Kanisa la Anglikana, alimshinda Rais aliyekuwa madarakani, na kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1977 chama kilichokuwa kikitawala kilikabidhi nchi kwa amani kwa chama kilichokuwa kikipinga. Mwezi Oktoba 2025 yeye naye alishindwa na Patrick Herminie, akakabidhi. Mara mbili katika miaka mitano nchi ile ndogo imewaonyesha majirani zake kwamba kiti cha enzi kinaweza kubadilisha mwenyewe bila mtu kumlilia maiti wake.

Basi, turudi kwetu. Mtu anaweza kusema: sisi si marais wala mawakili, habari hii yatuhusu nini? Yatuhusu, kwa sababu kijiji ni nchi ndogo kuliko hata Shelisheli. Tangu vyama vingi virudi, tumeona ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa ajili ya rangi ya bendera. Tumeona mtu akisusia mazishi ya jirani kwa kuwa marehemu alimpigia kura mwingine. Tumeona uchaguzi wa uongozi wa chama cha msingi cha korosho ukigawanya jumuiya ndogo ndogo, hata sala ya jioni ikashindikana kwa kuwa waamini hawataki kuingia katika nyumba ya fulani. Wala hatujasahau Mei 2013, wakati mji wetu wa Mtwara ulipowaka moto na watu wakafa kwa ajili ya mzozo wa bomba la gesi. Wakati ule wapo waliosema kwa haki, na wapo waliosema kwa hasira. Na wapo waliozikwa ambao hawakusema lolote.

Tunaombwa tufanye nini? Tutaje mambo matatu, ambayo makatekista wanaweza kuyapeleka katika jumuiya zao.

La kwanza ni kwa wenye ushindi. Aliyechaguliwa kuwa mwenyekiti wa kijiji, wa chama cha msingi au wa jumuiya, aende katika siku za mwanzo kabisa nyumbani kwa yule aliyemshinda. Asitume mtu. Aende mwenyewe, apige hodi, aketi, aulize: mwenzangu, ni lipi uliloliona wewe ambalo mimi sikuliona? Kuuliza hivyo hakutampunguzia cheo chake. Kama ziara ya namna hiyo ingefanyika kwa moyo katika visiwa vile mwaka 1974, pengine usiku wa Juni 1977 usingekuwapo.

La pili ni kwa walioshindwa. Kushindwa si kufa. Aliyeshindwa abaki nyumbani, alime, ashiriki msaragambo, aseme wazi penye kosa, na siku nyingine agombee tena akipenda. Asiende kutafuta mkono wa kukodi, awe mganga, awe mchochezi, wala asimwachie mwanawe urithi wa chuki. Mtoto aliyezaliwa baada ya ugomvi hana deni katika ugomvi huo.

La tatu ni kwa wale wote walioumizwa na ugomvi wa wengine. Ninyi msione aibu kusema. Kanisa ni mama, na mama husikiliza hata kilio cha usiku. Na sisi tulio karibu nao tusiwaharakishe. Tukae nao, tupokee ukweli wao, tuwasindikize kwa anayepaswa kuwaomba radhi. Hapo, na si kabla, ndipo neno la msamaha litakapotoka kwao lenyewe, kama chipukizi litokavyo katika kisiki.

Kesho na kesho kutwa tutakutana njiani na watu tulio na neno nao: katika barabara ya Mtwara, kisimani, ghalani, kwenye mnada wa korosho. Hatujui njia yetu imebaki hatua ngapi. Mawakili wawili wa Shelisheli walitembea pamoja miaka mingi kabla ya kupeana mikono, na gharama yake ililipwa na wengi. Sisi tusingoje muda mrefu namna hiyo. Leo, kabla jua halijatua, kila mmoja wetu alitaje moyoni jina moja, kisha achukue hatua ya kwanza kuelekea nyumba hiyo.

Tuombe. Ee Mungu Baba, uliyetupatanisha nawe kwa njia ya Mwanao tulipokuwa bado adui zako, utupe macho ya kumwona ndugu katika anayetupinga. Uwajalie viongozi wetu moyo wa kusikiliza upande wa pili. Uwafariji wote wanaongoja kujua ukweli juu ya wapendwa wao. Uwapumzishe kwa amani waliokufa kwa ajili ya ugomvi wa wengine. Kwa Kristo Bwana wetu. Amina.

Tumsifu Yesu Kristo.